Wanaochapisha ughaibuni hawajatukimbia

Kila linapozuka suala la wahadhiri wetu kuchapisha kwenye majarida ya Ulaya, Marekani au Australia, lawama ni ileile: wanawaandikia Wazungu ili wapandishwe vyeo. Kwenye elimu ya nje ya darasa, yaani kufundishia msituni, shambani au kambini, lawama hii inauma zaidi, na si bure. Mtafiti anafika shule ya msingi iliyo kando ya milima ya Udzungwa, anashinda na mwalimu anayewapeleka watoto msituni kutambua miti, anauliza maswali, anapiga picha, anaaga. Miaka miwili baadaye makala inatoka kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo kulifungua lazima ulipie, na mwalimu yule hata jina la jarida hajawahi kulisikia.

Anayelalamika hapo ana haki. Lakini kesi hii imesikilizwa upande mmoja kwa muda mrefu mno, hadi kuchapisha ughaibuni kunatajwa kama aina fulani ya usaliti. Kwa fani hii hasa, naona kutochapisha huko ndiko kunakotugharimu.

Tuanze na namba. Mwaka 1997 mtafiti wa elimu John Hattie na wenzake walichapisha mchanganuo wa tafiti 96 kuhusu programu za kujifunzia nje ya darasa, zikiwamo za shirika la Outward Bound, zenye jumla ya washiriki 12,057. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: kumtoa kijana darasani ukampeleka mlimani, mtoni au kambini kunambadilisha kweli, au ni matembezi tu? Walipata badiliko la wastani wa 0.34 kwa kipimo ambacho watakwimu hukitumia kulinganisha tafiti. Si kubwa la kutisha. Kinachovutia ni kilichofuata: kambi ilipokwisha faida haikuyeyuka, iliongezeka kwa 0.17 nyingine. Yeyote aliyewahi kufundisha anajua jinsi darasani mambo yanavyokwenda. Mtihani ukipita, na somo nalo limepita.

Mchanganuo huo unatajwa hadi leo, na ninapokutana nao swali linalonijia ni moja: ni watoto gani hao? Outward Bound ilianzia Aberdovey, Wales, mwaka 1941, wakati wa vita, kuwafunza vijana wa meli kustahimili bahari. Kwetu ilifika mapema, maana shule yake ya Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyamapori, zilianza 1968, Malihai Clubs za Tanzania zikaja miaka ya 1980, na Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mazingira, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Hiyo ni miongo saba ya kuwatoa vijana nje. Fungua sasa majarida makuu ya fani hii, lile la Uingereza la elimu ya ujasiri na kujifunzia nje, la Marekani la elimu ya vitendo, la Australia la elimu ya nje na mazingira: wanaozungumza humo kwa wingi ni Uingereza, Marekani, Australia, New Zealand na nchi za Skandinavia.

Kwa bahati namba 96 inajitokeza tena mahali pengine. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha wanasaikolojia kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Hiyo ni saikolojia, utasema, haituhusu. Inatuhusu sana. Madodoso ya kupima kujiamini, ustahimilivu na moyo wa ushirikiano ambayo watafiti wa elimu ya nje ya darasa huyatumia yametoka kwenye saikolojia hiyohiyo.

Chukua zoezi moja maarufu la programu hizi. Kijana anaachwa peke yake porini kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha, akiwa na vifaa vichache, ili akae kimya na ajitafakari. Kwa kijana wa Manchester au Melbourne ni tukio atakalolisimulia maisha yake yote. Mpe dodoso kabla na baada, na kujiamini kwake kutaonekana kumepanda. Sasa mlete mtoto wa kifugaji wa Longido, aliyeanza kuchunga ndama akiwa na miaka sita au saba, anayejua kwa harufu kama mvua iko karibu na anayerudi jioni akiwa amehesabu mifugo yote. Kumwacha peke yake porini ni siku ya kawaida ya malisho. Dodoso halitaonyesha kitu, na mtafiti asiyejua atahitimisha kwamba programu haifanyi kazi kwa watoto wa aina hii, au vibaya zaidi, kwamba watoto hawa hawafundishiki kwa njia hii. Labda kinachomtikisa kijana huyo ni kulala bwenini na wenzake wa makabila manane, au kusimama mbele ya hifadhi ambayo babu yake alilishia ng'ombe na kuambiwa kwamba haruhusiwi kuingia. Hilo halina dodoso bado. Na halitakuwa nalo mpaka mtu aliandike mahali ambapo watunga madodoso wanasoma.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuandike kwa ajili yetu wenyewe na kuwaachia wao mambo yao. Mambo yao yanakuja kwetu tukitaka tusitake. Mshauri elekezi anapoandika mpango wa elimu ya mazingira kwa fedha za wafadhili, sentensi yake ya kwanza ni kwamba ushahidi wa kimataifa unaonyesha hivi na hivi. Kisichopatikana kwenye kanzidata anazopekua kwake hakipo. Kimya chetu hakimzuii kuandika.

Kuna faida nyingine isiyosemwa, na hii nimeiona kwa karibu. Niliwahi kuipitia rasimu ya mwenzangu kuhusu shamba la shule kama mahali pa kufundishia sayansi. Ilikuwa nzuri, yenye kujiamini, na ilidhani kila msomaji anaijua Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sera ya Mwalimu Nyerere iliyounganisha masomo na kazi kama za shamba. Mhakiki wa ughaibuni, aliyepewa na jarida kuipima, akauliza swali moja la mistari miwili: watoto hawa wanajifunza, au wanafanyishwa kazi? Mwenzangu alikasirika siku nzima. Kisha akarudi shuleni na kuanza kuangalia nani anashika jembe, saa ngapi, na mwalimu yuko wapi wakati huo. Akagundua kwamba katika shamba lilelile, kipindi cha Jumanne kilikuwa somo la udongo, na Ijumaa walikuwamo waliochelewa namba, wakipalilia kama adhabu. Mwalimu aliyekuwa akimweleza mambo hakuona ajabu, kwa kuwa na yeye alipalilia hivyohivyo enzi zake. Makala ilipotoka ilikuwa nyingine kabisa. Mhakiki wa nyumbani, kwa heshima zote, asingeliuliza swali lile, kwa sababu sote tumepalilia.

Upande wa pili una hoja nzito nisizoweza kuzipita. Wapo wahariri wanaorudisha makala kwa kuwa eneo la utafiti ni dogo mno, wakati utafiti wa kambi moja ya Colorado hauulizwi kwa nini Colorado. Kupandishwa cheo kwa kuhesabu makala kumeleta utitiri wa majarida ya kitapeli yanayokubali chochote ndani ya wiki moja mradi umelipa, na wahanga wakubwa ni vijana waliotoka kumaliza uzamivu. Tena mwenye kuandika kwa Kiingereza tu huanza kufikiri kwa mahitaji ya jarida: anatafuta neno "ujasiri" kwenye shughuli ambayo wanakijiji wanaiita kuokota kuni.

Majarida ya huku yana kazi yake. Idara za elimu za vyuo vyetu zina ya kwao, kusini mwa Afrika kuna jarida la elimu ya mazingira linalosomeka bure, na tangu 1998 African Journals Online imekuwa ikiyapa majarida ya bara hili mlango wa intaneti. Mjadala kuhusu mtaala wa Tanzania na uende huko. Mhariri wa London hawezi kujua tofauti ya mkaguzi na mthibiti ubora wa shule. Lakini madai ya kwamba nadharia ya fani nzima imejengwa juu ya watoto wa aina moja yapelekwe mbele ya wenye nadharia.

Wapo pia wanaosema kuchapisha huko ni ghali mno, lakini hapo watu wanachanganya mambo. Ile ada ya kutisha, ambayo mara nyingi hupita dola 2,000, ni ya kuifanya makala isomwe bure na kila mtu. Majarida makuu ya fani hii huchapisha pia kwa njia ya kawaida, ambapo mwandishi halipi hata senti na msomaji ndiye anayelipia. Misamaha ya ada kwa nchi maskini ipo, lakini wachapishaji wakubwa kwa kawaida huitoa kwenye majarida yaliyo wazi moja kwa moja, ambayo kila makala husomwa bure, si haya ya mchanganyiko yenye njia zote mbili. Vyuo vya nchi kama Tanzania na Burundi vinaweza kusoma mengi kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu. Mwalimu wa msingi hayumo kwenye mpango huo, na hapo ndipo lawama ya mwanzo inabaki na nguvu yake.

Ila dawa yake iko mikononi mwa mwandishi na chuo chake. Wachapishaji wengi wakubwa humruhusu mwandishi kuweka rasimu yake iliyokubaliwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, wengine mara moja, wengine baada ya miezi 12 hadi 18. Wahadhiri wengi hawafanyi hivyo, ama kwa kutojua ama kwa kuwa rasimu yenyewe imeshapotea kwenye kompyuta ya zamani. Toleo la Kiswahili kwa walimu, kurasa sita zenye picha, halihesabiwi popote mtu anapoomba uhadhiri mwandamizi, na kamati za vyeo ndizo zinazopaswa kuulizwa kwa nini. Kabla ya hapo kuna karatasi ya kutia saini. Mkataba wa kumkabidhi mchapishaji hakimiliki mara nyingi unachukua na haki ya kutafsiri, kwa hiyo anayetaka kuwarudia walimu wake wa Udzungwa aombe aachiwe haki ya toleo la Kiswahili, kwa barua pepe kwa mhariri, kabla hajatia saini.