Kabla ya kuchagua skuta, itazame njia ya kwenu

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni muuguzi katika hospitali iliyo kwenye kilima cha Bugando, Mwanza, na anaishi Nyegezi. Mwezi uliopita aliniandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Nimechoka kugombania daladala alfajiri na kulipa bodaboda kila nitokapo zamu ya usiku. Nataka kununua skuta. Wewe unayeendesha huko kila siku, niambie ninunue ipi." Swali lenyewe ni fupi, lakini limenichukua siku nyingi, kwa sababu nilikwisha kuulizwa swali hilo hilo na mdogo wangu, nikalijibu vibaya, naye ndiye aliyeligharimia jibu langu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiishi Genova, mji wa bandari wa kaskazini mwa Italia. Mtu wa Mwanza akifika hapa haoni ugeni mkubwa: maji yako chini, vilima viko juu, na nyumba zimepandana mlimani kama zile za Bugarika na Mabatini, mlango wa huyu ukitazama paa la yule. Vichochoro ni vyembamba na vimewekwa mawe na matofali, mabasi hayafiki kila mahali, na kwa karne nzima sasa wakazi wa vitongoji vya juu wanapandishwa kwa lifti za umma na kwa treni ndogo zinazovutwa kwa kamba ya chuma. Waliobaki wanapanda skuta. Asubuhi utamwona wakili mwenye suti na tai, nyuma yake bibi wa miaka sitini na kitu amebeba mboga, nyuma yao kijana wa shule, na hakuna anayegeuka kumshangaa yeyote kati yao. Piaggio, kampuni iliyoileta skuta ya Vespa sokoni mwaka 1946, ilianzia papa hapa Genova, eneo la Sestri Ponente, mwaka 1884, na kabla ya Vespa ilikuwa ikitengeneza mabehewa na ndege.

Aliyeichora Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za zama zake. Kwa hiyo aliifunika injini kwa bati, akaweka ngao mbele ya miguu, akaacha uwazi katikati ili mpandaji aingie na kukaa bila kurusha mguu. Nalitaja hilo kwa sababu ndicho hasa anachokitafuta mpwa wangu. Anavaa sare ya kazi, mara nyingi gauni, na hawezi kufika wodini akiwa na doa la oili ya cheni kwenye pindo. Wapo waliomwambia kwamba skuta si chombo cha maana, na kwamba mwanamke juu ya pikipiki yake mwenyewe hapendezi machoni pa watu. Mimi nasema waziwazi kwamba maneno hayo hayana uzito wowote mbele ya mwanamke anayetoka kazini usiku na kulazimika kupanda nyuma ya dereva asiyemfahamu. Unguja wanawake wanaendesha vespa siku zote, wengine na baibui, na hilo halijawa habari. Mwanza nayo inaweza kuzoea.

Kuhusu haja ya skuta, basi, sina mashaka. Mashaka yangu yako kwenye namna sisi tulioko nje tunavyoshauri walioko nyumbani, kwa kuwa tunakitazama chombo tunachokiendesha na kukisifu, tukisahau kwamba kinatembea vizuri kwa sababu ya lami, fundi na duka la spea vilivyokizunguka.

Mdogo wangu anaishi Mabatini, mlimani, mahali ambapo lami inaishia chini na juu panaendelea kwa mawe, kisha kwa udongo mtupu. Miaka michache iliyopita nilimsihi anunue skuta ndogo kama niliyokuwa nayo wakati ule, yenye matairi ya inchi 10. Nikachangia fedha, ikanunuliwa iliyotumika Dar es Salaam na kuletwa Mwanza juu ya lori. Ilikuwa nzuri kutazama, nyeupe, kiti cha rangi ya kahawia. Kila jioni aliipandisha ule mlima, mara nyingi amempakia mkewe, na mwezi wa nne haujaisha mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma ukakatika njiani.

Nilipokuja likizo nilikwenda naye kwa fundi wa Mkuyuni. Fundi yule ni hodari. Mkabidhi pikipiki yoyote yenye cheni na atakuambia ugonjwa wake kwa kuusikiliza mlio tu. Alipofungua kifuniko cha ubavuni cha skuta hiyo, lilimwagika vumbi jekundu laini kama unga wa ulezi, na ndani yake mkanda ulikuwa umechanika, nyuzi zake zimejisokota kwenye puli mithili ya nyavu iliyonasa kwenye pangaboi ya mtumbwi. Vile vigololi vizito vya puli ya mbele, ambavyo vinatakiwa kuwa duara kabisa, vilikuwa vimelika upande mmoja vikawa bapa. Fundi aliviweka kiganjani, akaniangalia, akasema, "Kaka, hivi sijawahi kuvishika." Mkanda uliagizwa Dar, ukaja wa urefu usio wake, ukarudishwa, ukaja mwingine. Kwa muda wote huo mdogo wangu alipanda bodaboda, huku chombo chake mwenyewe kimesimama uani kimefunikwa turubai.

Ilinibidi nijifunze kwa nini mambo yalikuwa hivyo. Skuta nyingi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu inatoka kwenye injini kwenda gurudumu la nyuma kwa mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa zenyewe, na klachi yake inajishika injini inapoongeza mzunguko na kujiachia mzunguko unaposhuka. Kwa anayejifunza ni raha kubwa, maana kazi yake ni kukoleza mafuta na kushika breki, zote mkononi. Lakini mkanda ni kitu kinacholika hata ukiutunza, na adui zake wakubwa ni joto na vumbi: mlima mkali wenye abiria wawili unaupasha joto, na vumbi likipita kwenye kichujio kilichoziba au kuchanika linausaga. Genova kuna milima lakini hakuna vumbi. Tena mkanda mpya upo kwenye duka la mtaa wa pili, na fundi anaubadilisha wakati unakunywa kahawa. Mabatini kuna vyote viwili, mlima na vumbi, na mkanda uko umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja.

Kuna jambo jingine la milimani ambalo mwanafunzi anapaswa kulijua kabla halijamfundisha lenyewe. Pikipiki ya gia ukiitia gia ya kwanza kwenye mteremko, injini inakushikilia. Skuta ukiiteremsha polepole mno, klachi inajiachia na chombo kinakuwa kama baiskeli. Kinachokuzuia ni breki peke yake, na ukiibana ya mbele kwa nguvu juu ya changarawe, gurudumu linateleza. Mvua ikinyesha Mwanza, maji yanatiririka kutoka kwenye majabali na kuacha mchanga katikati ya barabara hata penye lami nzuri. Ni vyema kuzoea kushika breki zote mbili kwa pamoja na taratibu, na kama kuna chombo chenye breki zilizounganishwa, ambapo ukibonyeza moja tu, ya mbele na ya nyuma zinagawana kazi, mimi ningekipa kipaumbele kuliko rangi au taa za urembo.

Matairi nayo yanastahili neno lake. Tairi dogo linazama ndani ya shimo ambalo tairi kubwa linalivuka juu juu, kwa sababu tairi dogo linakutana na kingo za shimo kwa pembe kali zaidi. Hata hapa, kwenye vichochoro vya mawe, watu wengi wameziacha skuta za matairi madogo na kuchukua zile zenye matairi marefu ya inchi 16, kama Honda SH, na mimi ni mmoja wao. Kwa Mwanza, ambako mtu anakutana na mashimo, matuta yasiyo na alama na mifereji iliyokatiza njia, nisingeshauri kushuka chini ya inchi 12 kwa yeyote, na kwa wa mlimani ningesema 14 au zaidi. Anayeishi kama mdogo wangu ningemwelekeza moja kwa moja kwenye pikipiki ya kawaida, Boxer au TVS, zile zile za bodaboda, kwa kuwa spea zake zinapatikana hata Kisesa na Usagara na kila kijiwe kina mtu anayeifahamu. Ndivyo alivyofanya hatimaye. Ile skuta aliiuza kwa hasara, na sehemu ya hasara hiyo niliilipa mimi, kwa haki.

Ukubwa wa injini haunisumbui sana. Italia kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuendesha kijipikipiki cha sisi (cc) 50 kisichozidi kilomita 45 kwa saa, na kwa kuzunguka mtaani kinamtosha. Barabara ya Kenyatta inabeba malori yanayokwenda Shinyanga, na chombo cha sisi 50 hapo kitakuwa kinasukumwa pembeni kila dakika. Sisi 110 hadi 125 zinatosha kabisa kwa mjini, na mafuta yake ni kidogo: kwa lita moja unaweza kutembea kilomita 40 au zaidi.

Upande wa karatasi, Genova bima ndiyo inayoumiza. Anayekata bima kwa mara ya kwanza anaanzia daraja la 14 kati ya madaraja 18, na kila mwaka anaopita bila kusababisha ajali anasogea daraja moja kuelekea unafuu. Nyumbani bima ndogo haiumizi kiasi hicho, na kwa sababu hiyo wengi wanaiacha iishe muda wake, jambo ambalo silikubali, kama nisivyokubali kuendesha bila leseni ya pikipiki eti kwa sababu "ni skuta tu". Kadi ya chombo nayo isomeke jina lako kabla hujatoa shilingi ya mwisho.

Sasa narudi kwa mpwa wangu. Nilimwomba asiniambie anapenda ipi, bali atembee njia yake kwa miguu na kuniandikia kila anachokiona, kuanzia mlangoni kwake hadi geti la hospitali. Aliniandikia ukurasa mzima. Mita mia tatu za kwanza ni udongo tambarare. Kisha lami moja kwa moja kupitia Butimba na Mkuyuni. Daladala zinasimama ghafla kwenye vituo, na bajaji zinakatiza bila kuonesha ishara. Mwisho ni mlima wa Bugando, mkali lakini una lami, naye atakuwa peke yake bila abiria. Njia hiyo si ya Mabatini. Kwa njia hiyo skuta ya mkanda inawezekana, yenye matairi ya inchi 12, ikiwa tu spea zake ziko mjini.

Nikampa kazi ya pili: aende kwenye maduka ya spea na asikubali kuambiwa "upo", bali auone kwa macho mkanda wa skuta hiyo, pedi za breki na kichujio cha hewa, na autumie mkono wake kuligeuza boksi asome namba. Kisha amtafute fundi aliyekwisha kufungua chombo cha aina hiyo. Katika aina tatu alizokuwa akizitamani, mbili zilianguka hapo hapo. Ya tatu mkanda wake ulikuwepo katika maduka mawili, na fundi mmoja wa mjini alimwonesha mkanda mkuukuu aliokuwa ameutoa kwenye nyingine kama hiyo. Wiki iliyopita alikwenda kuikalia. Miguu yote miwili inagusa chini, nyayo nzima, na kwa mwanafunzi hilo ni la lazima.

Nimemshauri ajifunzie Capri Point siku za Jumapili asubuhi, kwenye zile barabara tulivu za kando ya ziwa zenye miinuko midogo na magari machache, akiepuka kwanza Kirumba karibu na Mwaloni, ambako maji ya samaki huifanya lami iwe telezi hata jua likiwaka. Nusu ya ushauri huo alikuwa amekwisha kuuanza kabla sijasema.

Kitu kimoja tu nimekubali kumletea kutoka huku, nacho ni kofia ngumu. Italia watu wazima wote wamelazimika kuivaa hata kwenye vijipikipiki vya sisi 50 tangu mwaka 2000, na maduka yanakupima kichwa kwa utepe kabla ya kukuuzia, kwa sababu kofia inayochezacheza hubanduka wakati wa kuanguka. Zile za bodaboda zinazopitishwa kichwa hadi kichwa, kamba imekatika, ni afadhali asizivae tena. Alijipima kwa utepe wa fundi cherehani, kidole kimoja juu ya nyusi, akanitumia picha ya kipimo: sentimita 56. Nimeinunua tayari, iko juu ya kabati, na ndiyo itakayokuwa kitu cha kwanza kuingia kwenye begi langu Desemba.