Babu kwenye suti, bibi hayupo

Wachoraji wa huku kwetu, Mbeya mpaka Iringa, wakishika brashi tu wanakimbilia twiga. Twiga, jua linazama, Mmasai kasimama na mkuki, wakati mchoraji mwenyewe mama yake Mnyakyusa wa Tukuyu, baba Mbena wa Njombe, na hao Wamasai anawaona stendi kama sisi wengine. Siwalaumu sana. Mtalii akishuka kwenye gari anataka twiga, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Hata Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huyo, wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye hardbodi kwa rangi za kupakia baiskeli, wanyama ndo walimtoa. Ila mi naona kuna utajiri tumeuacha majumbani, habari za familia zetu wenyewe ambazo hatuzichori, na nitaeleza kwa nini.

Mchukue Frida Kahlo wa Meksiko. Mwaka 1936 alichora picha ya ukoo wake. Baba yake, Guillermo, kazi yake ilikuwa kupiga picha, kwa hiyo kwao picha hazikuwa shida, na wazazi kwenye huo mchoro kawatoa kwenye picha yao ya harusi, wamesimama vilevile, mama na gauni lake jeupe. Sasa angalia alichoongeza. Juu ya gauni la harusi, pale tumboni kwa mama, kachora mtoto ambaye hajazaliwa na kitovu chake. Wazazi wa mama kawaweka juu ya milima, wazazi wa baba juu ya bahari maana baba alivuka maji kutoka Ujerumani, halafu yeye mwenyewe katoto ka kike kako uchi, kamesimama uani kwao kameshika utepe mwekundu unaopanda mpaka kwa mababu wote. Mzee Guillermo na kamera yake yote asingeweza kuipiga hiyo.

Ndo maana huwa nawabishia wanaosema picha ya familia ni kunakili tu albamu. Albamu inakupa sura na nguo. Mchoraji kazi yake inaanzia pale wakubwa waliponyamaza.

Na kwetu wamenyamaza kweli. Ingia sebule nyingi za wazee kule Rungwe unamkuta babu ukutani, suti, tai, kofia mkononi, nyuma pazia la studio, hacheki. Uliza, unajibiwa "hapo alikuwa Wenela", yaani lile shirika lililokuwa linaandikisha vibarua wa migodini, basi, imeisha hiyo. Miaka yote ya migodini Afrika Kusini, vumbi, safari ya kwenda, wenzake ambao hawakurudi, yote imefungwa hapo. Na bibi hayupo kwenye picha kwa sababu bibi alikuwa nyumbani na migomba na watoto na mkwe, anasubiri barua ambayo ikifika inabidi asomewe na mtu mwingine, kwa hiyo hata maneno ya mume wake yanapita kwanza kwenye mdomo wa jirani. Mi ningekuwa na mkono wa kuchora (sina, niliwahi kuchora ng'ombe shuleni darasa zima likacheka) ningeanza na huyo bibi anavyosomewa barua. Anaangalia wapi? Mikono kaiweka wapi? Hiyo haipo kwenye albamu ya mtu yeyote.

Mwingine atasema huwezi kuchora usichokikumbuka. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akafariki yeye bado mchanga wa miezi tu, mama akambeba wakaenda Uingereza. Atakumbuka nini huyo? Hakuna. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kurudi kuitembelea, akachora mfululizo mzima wa picha akauita Zanzibar. Alichora hilo pengo lenyewe. Na 2017 akachukua Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwa hiyo hoja ya "mi nilikuwa mdogo sikumbuki" naona haina nguvu.

Tena utamu wenyewe uko kwenye kuuliza. Waulize mashangazi mlango wa nyumba ya zamani ulikuwa rangi gani, mmoja atakwambia bluu, mwingine atakwambia kijani tena anaapa, wa tatu atasema haukuwa na rangi kabisa, baba alikuwa mbahili. Mpiga picha hapo kakwama, mchoraji ndo kwanza kapata kazi, anaweza kupaka zote tatu moja juu ya nyingine na kila shangazi akaona wa kwake.

Ugumu ninaoukubali ni aibu. Huku kwetu ya ndani hayatoki nje, na mtoto anayeyatoa anaonekana kakosa malezi. Kuna jamaa mmoja mchoraji alitaka kumchora kaka yake aliyefariki, mama yake akamwambia, "Mwanangu, ya ndani yaache ndani." Hakubisha. Akamchora kaka kwa nyuma tu, anapanda mlima asubuhi ya ukungu na gunia la viazi begani, uso hauonekani. Mama alipoiona akasema, "Hilo sweta nilifuma mimi," akaanza kuhadithia mwenyewe mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, familia iulizwe, na sura ya mtu aliye hai isichorwe bila yeye kukubali, ila kumbukumbu ya mchoraji ni ya kwake, hiyo haombei ruhusa kwa mtu.

Akiogopa kabisa aanze na yeye mwenyewe. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, alijichora mwaka 1982 akiwa Sweden, na mwaka 2022 jumba la picha za watu la taifa pale London likainunua, picha ya kwanza ya kujichora ya msanii mwanamke mweusi kuingia kwenye hazina yao. Miaka 40 baadaye! Ndo hivo, haya mambo hayana haraka.

Halafu hii ya kwamba hakuna soko siinunui. Msiba ukitokea hapa mjini watu wanachangishana wanachapisha tisheti zenye sura ya marehemu, bango kubwa mlangoni, picha inakuzwa na fremu ya dhahabu inanunuliwa hapohapo, hakuna anayelalamika bei. Hela ya kumbukumbu ipo, inaenda kwa mwenye printa. Mchoraji wa Mwanjelwa akienda kwenye familia ya namna hiyo baada ya arobaini, na daftari lake, akakaa na wakina mama akauliza huyu mzee alikuwa anapenda kukaa wapi jioni, sidhani kama atarudi mikono mitupu, na twiga wake anaweza kuendelea kuwauzia watalii Julai wakija.