Setilaiti ya Shilingi Moja kwa Kila Mkenya

Huku pwani ya Florida unaweza kuwa unaosha vyombo usiku, mara madirisha yakaanza kutetemeka. Ukichungulia nje, unaona mwali unapanda kutoka Cape Canaveral. Jirani yangu hata hainui macho. Anachouliza ni kama barabara ya ufukweni itafungwa. Mimi bado hunisisimua. Juzi nikarekodi video, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu akajibu upesi: "Wanachoma pesa na watu wanalala njaa." Mwingine akamalizia: "Na sisi tukaiga, tukarusha kasetilaiti ketu."

Haya, tukazungumzie hako kasetilaiti. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi, iliruka tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9, na gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47. Yaani kila Mkenya alichanga shilingi moja na senti chache. Shilingi! Madiwani wa kaunti, hao MCA, wakipanda ndege kwenda ng'ambo "kujifunza" kuzoa taka, simsikii mtu katika kundi hilo akitaja wenye njaa. Njaa tunaikumbuka kitu kikiwa na nyaya na hesabu ndani yake.

Najua yatakayofuata. "Umepata makaratasi, sasa unatufunza." "Umekaa kwenye kiyoyozi, ukame utaujulia wapi?" Jamani, mvua ikikosa ni mimi ninayepigiwa simu. Pesa za maji na za nyasi hutoka mfukoni mwangu, kwa hiyo ukame naujua hadi bei yake.

Wala sisemi Wamarekani wana akili kuliko sisi. Ubishi huu wa kwenu waliufanya zamani, papa hapa. Julai 1969, Apollo 11 ikiwa karibu kuruka kwenda mwezini, Mchungaji Ralph Abernathy, mpigania haki za Wamarekani weusi, alifika na familia maskini na magari ya kukokotwa na nyumbu kulalamikia matumizi hayo. Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Paine, akatoka kuonana nao. Akawaambia kwamba kama kuacha kurusha roketi kungemaliza umaskini, asingeirusha. Mimi naona alijinasua kwa urahisi mno, lakini alitoka akasimama mbele yao. Mwaka 1966, katika kila dola 100 za serikali kuu ya Marekani, zaidi ya dola 4 zilikwenda NASA. Leo haifiki hata nusu dola, na bado watu wanabishana kuhusu hiyo nusu. Huku swali hilo lina mtu wa kulijibu. Kwetu linatupwa tu ili mazungumzo yafe.

Na laiti lingekuwa swali la haki! Tangu 2010 kuna wafugaji Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wenye bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Chombo kinapima ukijani wa malisho kutoka juu. Ukishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Hiyo ni pesa ya anga ikiingia kwenye boma la mtu mwenye njaa. Ila vyombo vyenyewe ni vya wageni. Mtandao wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, ambao Wamarekani waliuanzisha 1985 baada ya maafa ya Ethiopia, ulizimika Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada. Ulirudi baada ya miezi kadhaa, wao walipotaka. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tena msiniambie anga si mambo yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, iliruka setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Wenzangu kazini nikiwaambia hivyo hudhani natania, nami hufurahi sana wakitafuta na kukuta ni kweli. Halafu furaha inachacha. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel 2002; sisi tulipata jina. Waitaliano hawakufuata madafu Malindi. Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inaondoka na msukumo huo bure. Hapa Florida inapungukiwa na kama kilomita 200. Walirusha roketi pale kuanzia 1967 hadi 1988. Leo sisi wenye ikweta tunasafirisha setilaiti yetu hadi California ili irushwe!

Kwa hiyo, binamu, kinachoniuma si hizo milioni 50. Chombo kidogo kama kile hakidumu miaka mingi. Muulize mbunge wako picha zake zilimfikia nani: afisa wa kilimo wa kaunti aliziona? Chifu wa North Horr je? Na mkataba wetu na Waitaliano kuhusu kituo cha anga cha Malindi unawasomesha wahandisi wetu wangapi? Akikupa takwimu, nitumie nami nizisome. Akikujibu "njaa kwanza", mwombe na ratiba ya safari zake.