Nani analipa kuja kutuona?

Mimi naigiza hapa Dar mwaka wa tisa sasa, na kila tukikaa wasanii wa jukwaani kuongelea ubunifu tunaishia kwenye taa, projekta, sijui kurusha onyesho laivu mtandaoni. Vitu vizuri, sikatai. Ila swali lenyewe tunalikwepa, nani anatoa hela yake mfukoni kuja kutuona?

Maana huko nyuma walikuwa wanatoa. Waulize wazee wa Kinondoni na Ilala habari za kikundi cha sanaa cha Muungano, halafu kingine, TOT (Tanzania One Theatre), kilichokuja 1992 chini ya Kapteni John Komba. Mtu unalipa kiingilio, unakaa na familia au na bia yako, unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, unafunga na taarab, masaa kibao. Kuna wasomi waliodharau wakasema hiyo sanaa ya baa, mi naona waliijua hadhira yao kuliko sisi.

Sisi tumehamia kwenye mradi, yaani igizo la kuelimisha jamii linalolipiwa na shirika. Na mradi wenyewe haukuanza vibaya jamani, mwanzoni mwa miaka ya 80 kina Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walienda Malya, Mwanza, wanakijiji wenyewe ndo wakasema tatizo letu ni hili, na igizo likazaliwa pale pale. Siku hizi ujumbe unakuja umeshaandikwa. Kuna shirika lilitupa igizo la dakika 20, mwisho wake wakatubadilishia mara tatu, ikabidi baba mlevi atubu kabla muda haujaisha. Watu wakaja, wakasaini fomu ya mahudhurio, wakapewa soda, picha zikapigwa. Hakuna hata mmoja aliyebishana na sisi, na hiyo iliniuma kuliko kitu chochote.

Ndo tukaamua kujaribu Manzese, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenzetu, kiingilio buku, taa mbili za chaji, watu kwenye mikeka. Igizo la mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita, mara mama mmoja muuza maandazi akasimama na beseni lake, "Muongo huyo! Muulize risiti iko wapi!" Mwigizaji wetu alibabaika kidogo halafu akamgeukia akamjibu kama mwenye nyumba kabisa, yule mama naye hakurudi nyuma, wapangaji wengine wakadakia, dakika kumi nzima script imewekwa pembeni na uwanja mzima unajadili kodi. Kuna Mbrazili, Augusto Boal, aliyejulikana dunia nzima kwa kumwingiza mtazamaji kwenye igizo, lakini bibi zetu wakisema "paukwa" si walikuwa hawaendelei mpaka tuitike?

Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni wanafanya kazi nzuri mno, naipenda. Ila mtu wa Mbagala akitoka kule saa nne usiku anarudije, na nauli ya kubadili daladala mbili? Igizo limfuate yeye.

Tulipomaliza yule mama akanishika mkono, nikajua anataka kusema habari ya igizo, kumbe ana lake: "Mkirudi mwanangu muanze mapema, leo nimeacha biashara." Tumeshabadilisha ratiba, sasa tunaanza saa kumi na moja.