Kabla ya Kuulaumu Mnara, Utazame Ukuta

Nyumba ya bibi yangu iko Mji wa Kale, na kwa miaka mingi simu za nyumba hiyo zimekuwa zikiwekwa kwenye dirisha la mbao la chumba cha juu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba pale ndipo mtandao unaposhika. Tulipoingiza intaneti, ruta ilifungwa ukumbini, na chumba cha nyuma hakikupata kitu. Fundi alitushauri tununue ruta yenye nguvu zaidi. Tukanunua, na hali ikabaki vile vile. Siku moja niliupima ukuta uliopo kati ya vyumba hivyo, pale penye mlango, nikapata sentimita 52 za mawe ya matumbawe na chokaa.

Naamini sisi watu wa Mombasa tunaijua vyema tabia ya vifaa vyetu vya ujenzi mbele ya joto, mvua na chumvi, lakini hatujazoea kuuliza vinafanya nini mbele ya mawimbi ya sumakuumeme, yaani yale yanayobeba simu na intaneti, ilhali mawimbi hayo yamekuwa hitaji la nyumba kama maji na umeme.

Wimbi la simu na mwanga wa jua ni wa jamii moja, na katika ombwe, mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, vyote husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitofautisha ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Wimbi likikutana na kitu, sehemu yake hupita, sehemu huakisiwa, na sehemu hufyonzwa ikawa joto. Mbao kavu hulipitisha bila taabu kubwa, na ndiyo maana lile dirisha la bibi lilisifika. Matumbawe nayo yangekuwa na huruma kiasi lau yangekuwa makavu, lakini ukuta wa pwani huvuta unyevu na chumvi mwaka mzima: molekuli za maji huyumbishwa na wimbi, ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, husukumwa huku na huku, na nguvu ya wimbi huishia humo humo ukutani. Kwa kawaida, kadiri masafa yanavyopanda ndivyo hasara inavyozidi, hivyo waifai ya gigahezi 5 huchoka mapema kuliko ile ya gigahezi 2.4.

Mabati ni habari nyingine kabisa. Elektroni, zile chembe ndogo za umeme, zilizo huru ndani ya chuma hulijibu wimbi papo hapo na kulirudisha lilikotoka, kwa hiyo mabati membamba kuliko ukucha hulizuia zaidi kuliko ukuta mnene wa mawe. Wimbi lililoingia chini ya paa la mabati mara nyingi limepitia dirishani au mlangoni. Paa la makuti makavu halina ukali huo, ingawa likilowa mvua hufyonza zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Likoni, pale kivukoni. Simu ikitumbukia baharini, hata kama haipitishi maji, mawasiliano hukatika baada ya sentimita chache tu, kwa kuwa maji ya chumvi ni kipitishi kizuri cha umeme. Mawimbi ya masafa ya chini sana, ya kilohezi 10 hivi, ndiyo huweza kushuka mita kadhaa, na hayo hayawezi kubeba video wala picha. Kwa sababu hiyo intaneti yetu haipitishwi ndani ya bahari kwa redio. Imelazwa chini yake ndani ya nyuzi za kioo, kama ule mkongo wa TEAMS uliofika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mwaka 2009. Mwanga ndani ya kioo hupungua kasi hadi kama kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini kioo hicho ni safi mno kiasi kwamba hupita makumi ya kilomita kabla ya kuhitaji kuongezewa nguvu. Inanisikitisha kwamba data iliyovuka maelfu ya kilomita za bahari inashindwa na ukuta mmoja wa ukumbini.

Kwa hiyo nawaomba wanaojenga na wanaokarabati wamwambie fundi apitishe bomba la waya ukutani kabla ya kupiga plasta, kutoka ukumbini hadi vyumba vya nyuma, na ruta ya pili ifungwe huko. Kwa bibi tulichelewa, kwa hiyo tuliupitisha waya juu ya mlango, kando ya boriti, na ile ruta ya pili sasa imo katika chumba cha nyuma.