Kila guka alikuwa msituni

Jumamosi tulimzika guka, babake mama, huko Kiambu. Programu ya mazishi ilikuwa ya karatasi ile ya kung'aa, na kwenye wasifu wajomba wakaandika: "Alipigania uhuru wa nchi yake." Shosho, dadake marehemu, alikuwa ameketi kando yangu hemani. Akaguna, na haukuwa mguno wa kilio.

"Shosho, kuna nini?"

"Muulize aliyekata picha."

Picha ya jalada naijua tangu utotoni. Ilitundikwa sebuleni juu ya redio: kijana mwembamba, mkuki mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kitambaa kimefungwa juu ya kiwiko. Kwenye programu picha inaishia mabegani. Guka alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyesimama upande wa serikali ya mkoloni dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru waliojificha msituni.

Haya, wajomba, nipigieni simu.

Sisi ni hodari wa kumlaumu mzungu kwa kupotosha historia, na kweli anastahili. Mwaka 1959 mahabusu 11 wa Hola, kambi ya mkoloni ya kuwafungia watu wa Mau Mau, waliuawa kwa kipigo, serikali ikatangaza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Mafaili ya mkoloni yaliyosafirishwa kimyakimya kwenda Uingereza yakaja kujulikana 2011, wazee wetu walipoishtaki serikali ya huko. Hapo sina ubishi.

Lakini nionyesheni familia moja hapa Nairobi inayokiri kwamba ilikuwa na homugadi. Kila guka alikuwa msituni! Kwa hesabu hiyo misitu ya milima ya Aberdare ingefurika. Basi nani alivaa lile gunia lenye matundu ya macho, Aprili 1954, Nairobi ilipozingirwa, watu wakapitishwa mbele yake, akitikisa kichwa tu wanapandishwa lori? Nani walipewa vyeti vya uaminifu ndipo wakaruhusiwa kupiga kura 1957? Wametoweka wote, hawana hata mjukuu.

Chukua Lari, kule Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia boma la Chifu Luka Wakahangara na nyumba za homugadi, wakachoma, wanawake na watoto wakiwa ndani. Serikali ikapiga picha, ikazisambaza duniani. Moshi haujatulia, homugadi na askari wakalipiza kisasi kwa yeyote waliyemshuku. Maiti za awamu hiyo hazikuitiwa wapiga picha. Na chini ya yote kulikuwa na shamba: watu walihamishwa Tigoni kuwapisha walowezi, wengine wakakubali kupewa ardhi Lari, wengine wakakataa, na ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakiidai. Nani mbaya hapo? Shuleni mimi nilifundishwa Lari kwa sentensi moja, ili nipate alama mbili.

Sawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila homugadi alipenda. Shosho anasema kijiji kilizungushiwa handaki na miba, na kijana asiyeshika mkuki alijua atakapolala usiku ule. Anasema pia guka alikuwa akilinda mchana, usiku anaacha viazi kando ya ua ili shemeji yake aliyekuwa msituni aje kuchukua. Hiyo mbona haikuandikwa? Ningesimama mbele ya waombolezaji nikaisoma kwa sauti. Inamheshimu mzee kuliko ule uongo wa mstari mmoja.

Ila najua kwa nini haikuandikwa. Ukianza na viazi, utaulizwa shemeji aliishia wapi. Alikamatwa, akapelekwa kambi ya Manyani. Alipoachiliwa alikuta mashamba yameshapimwa na kuunganishwa, na vipande vyake viko chini ya jina la mtu mwingine.

"Jina la nani, shosho?"

Akanionyesha kwa kidevu kule vijana walikokuwa wakifukia kaburi.

Nimepekua albamu ya mama nikapata picha nzima, kitambaa na kila kitu. Jana usiku nimeituma kwenye grupu ya familia. Alama za buluu zimewaka zote. Hadi naandika hapa hakuna aliyejibu, isipokuwa binamu mmoja aliyeuliza kama deni la hema limelipwa.