Ngazi za Brussels, mbao za kwetu

Baba yangu ni seremala Bukavu, Kongo, na sijawahi kumwona akipinda mbao bila sababu. Meza ni miguu minne na uso ulionyooka, basi. Kwa hiyo siku nilipoingia kwenye nyumba aliyojijengea Victor Horta, msanifu majengo wa Kibelgiji, hapa Saint-Gilles, Brussels, nilicheka peke yangu. Ngazi imejisokota kama mmea wa maboga, vyuma vya kushikia vimetoa vikonyo. (Hapa unakata tiketi kuona ngazi ya mtu. Kwetu ungepiga hodi ukapewa na chai.)

Mtindo huu ndio Art Nouveau. Mwaka 1893, kwenye nyumba aliyomjengea Tassel hapa Brussels, Horta alichukua chuma, kitu cha stesheni na viwanda, akakileta ndani akakifanya shina na matawi. Wenzake wengi walikuwa bado wanaiga majumba ya kale. Yeye aliiga kinachoota.

Jamaa zangu husema wazungu wanajua kutunza, sisi tunaacha majumba ya Bukavu ya Art Deco, mtindo uliokuja baada ya huu, yaoze. Sikubali. Maison du Peuple, jengo kubwa la Horta, walilibomoa wenyewe mwaka 1965. Nyumba zake nne ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 tu. Hata wao walichelewa.

Inayonikaba ni nyumba ya Van Eetvelde, mojawapo ya hizo nne. Huyo alikuwa kigogo wa Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, na mbao za thamani zilizopamba nyumba yake zilitoka Kongo. Mwaka 1897, kwenye maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels, mafundi wa mtindo huu walipanga kumbi kwa mbao zetu, na nje Wakongo 267 wakawekwa watazamwe. Saba walifia huko. Halafu ule mstari unaojikunja, alama ya mtindo wenyewe, Wafaransa wanauita pigo la mjeledi. Wao wanasifu mchoro. Mimi nasikia kiboko, ile fimbo ya ngozi iliyowachapa mababu zetu. Na bado napita pale kila mara nikipata nafasi, maana ni pazuri, nidanganye nini?

Nilimtumia baba picha za ndani kwa WhatsApp. Akauliza, "Mbao ya wapi hiyo?" Nikamwambia ya kwetu. Akanyamaza, kisha akauliza kama waliipinda kwa mvuke au waliichonga hivyo. Ametaka picha ya karibu, nyuzi za mbao zionekane. Jumamosi narudi.